Mpaka Ujiji na Mtani wa Kimarekani

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Tabora, kuanzia Cheyo mpaka Kitete, ananiuliza swali lile lile: "Mwalimu, huyo Mmarekani wako imekuwaje?" Nimeshasimulia sokoni, msikitini, na hata kwa fundi cherehani huku nikipimwa mabega. Kila mara mtu ananikatiza nikifika pazuri. Wengine mmesikia kwa watu kwamba nilisimamisha fatiha, mikono ya watu ikiwa juu. Hilo ni kweli, nami nitafika huko. Nimeona heri niandike yote kwa mpangilio, msome kwa nafasi zenu, na safari hii hakuna wa kunikatiza.

Kwa wasiojua chanzo chake: mdogo wangu Ramadhani, anayeishi Ujiji, ana binti mmoja, Zuhura, muuguzi. Zuhura alipata mchumba, na mchumba mwenyewe ni Mmarekani, anaitwa Daudi, mchimbaji wa visima vya maji vijijini huko Kigoma. Amesilimu siku nyingi na anaswali kuliko baadhi ya wajomba zetu. Ramadhani alipoletewa habari za posa alijibu neno moja: "Mimi sisemi kitu mpaka dada aje." Kwetu ndivyo ilivyo. Baba ndiye mwenye binti, lakini kauli ya shangazi ndiyo inayofungua mlango au kuufunga.

Nami nilikuwa nakwenda kuufunga. Niseme wazi, maana mnanijua. Nimefundisha historia miaka thelathini, na sura niliyoipenda kuliko zote ni ile ya Marekani kuinuka kuwa dola kuu. Nilikuwa naifundisha kwa hasira nzuri, chaki zinavunjika. Halafu kuna Idi, mwanangu, aliyekwenda Ohio kwa miaka miwili, na huu ni wa kumi na mbili. Ananipigia kila Ijumaa. Marekani nimeshaipa mtoto mmoja, na sikuwa na nia ya kuiongezea wa pili.

## Tabora, kusubiri treni

Siku mbili kabla ya safari Zuhura alipiga simu kwa ile sauti yake ya kuomba kitu. "Shangazi, mama yake Daudi anakuja kwenye posa. Anashuka Tabora kwa ndege, anataka apande treni aione njia. Nakuomba umpokee, msafiri pamoja." Nikamuuliza kama hakuna Mmarekani mwingine wa kumpokea. Akacheka, akaniambia jina lake ni Karoli na anapenda chai.

Bi Karoli nilimkuta uwanja wa ndege, mwanamke wa umri wangu au zaidi kidogo, mwembamba, begi moja, na kofia ya ukili pana iliyofunika nusu ya mabega. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye simu. Kijana wa bajaji alipochukua begi, Bi Karoli akainama vizuri na kumwambia, "Shikamoo." Kijana yule, asiyefika hata miaka ishirini na miwili, akajibu, "Marahaba, mama," tena kwa utulivu kabisa. Nilimtolea macho mpaka akajirudi. "Nifanyeje, Mwalimu, ameanza yeye!" Nikamweleza Bi Karoli kwa Kiingereza nani humwamkia nani, naye akaniuliza kama basi yeye amwamkie nani. Kwa umri ule hatukupata mtu wa karibu.

Treni ilikuwa ifike jioni. Haikufika. Tukarudi kwangu, tukala wali kwa uyoga, akalala chumba cha Idi. Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya ile picha ya Idi aliyopiga kwenye theluji, amevaa koti kama godoro. Akauliza ni nani, nikamwambia. Akauliza ni mji gani, nikamtajia. Nami nikaenda kutazama chai kabla hajauliza la tatu.

## Tabora mpaka Urambo: somo la kwanza

Treni iliondoka saa nne asubuhi. Tulikaa dirishani tukitazamana, na mbele yetu saa nyingi za miombo. Nilikuwa nimemvumilia usiku mzima na nusu ya asubuhi, basi nikaona wakati umefika.

"Bi Karoli," nikamwambia, "unajua kwamba watu wa huku waliijua nchi yenu kabla ya kumwona mtu wake hata mmoja?"

Hakujua. Nikamweleza merikani: kitambaa kile cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi, kilichofumwa kwao, kikashushwa Unguja, kikafungwa marobota na kubebwa vichwani na Wanyamwezi kuja mpaka hapa na kuendelea mpaka ziwani. Ukitaka chakula njiani, unatoa merikani. Ukitaka kupita kwenye himaya ya mtemi, merikani. Hata leo bibi zetu wanalijua jina hilo. Marekani haikuwa na askari huku, haikuwa na gavana, lakini ilikuwa imeshafika hadi viunoni mwetu.

Akasema bibi yake mzaa mama alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo, na mama yake bibi vilevile, katika mji ambao leo viwanda vyake vimekuwa nyumba za kupanga. "Hawakujua nguo inakwenda wapi," alisema. "Bibi alikuwa akikohoa vumbi la pamba mpaka alipokufa." Hilo halikuwemo katika somo langu. Nikaliweka kando na kusonga mbele.

Nikamweleza na bendera yao, yenye nyota na mistari, ilivyopita Tabora ikielekea Ujiji, imetangulia msafara wa mwandishi mmoja wa gazeti, na aliyeibeba alikuwa kirongozi, yaani mtu wa mbele wa msafara, mtu wa huku huku. Kutoka hapo nikaingia visiwa walivyowanyang'anya Wahispania wakavikalia wenyewe, nikachimba mfereji wa Panama, nikapita vita viwili vikubwa ambavyo wenzao walitoka wamefilisika na wao wakatoka wametajirika, nikaja kwenye dola yao na kambi zao za jeshi. Tulipofika Urambo nilikuwa nimesimama. Mabwana wawili wa behewa la jirani walikuwa wamekuja mlangoni kusikiliza, na mmoja alinyoosha mkono aulize swali.

Bi Karoli alisikiliza yote. Nilipomaliza alisema, "Sisi shuleni tulifundishwa kwamba tulikuwa tunasaidia." Kisha akaniuliza kama ninataka nusu ya chungwa lake, nami nilikuwa na kiu kweli.

## Usinge: kukwama

Baada ya Kaliua mvua ilikuwa imepiga siku tatu, na Usinge tukaambiwa maji yamekula kokoto za reli mbele. Hakuna kwenda. Kwa saa moja watu wananung'unika, saa ya pili wanashuka kunyoosha miguu, saa ya tatu kila mtu ana mafiga yake na tumekuwa kijiji.

Tuliyekuwa naye behewa moja ni Mama Shija, mwanamke mnene wa Kinyamwezi mwenye gunia la michembe, akienda Kigoma kwa bintiye aliyejifungua. Alichemsha michembe yake na karanga, akaijaza kwenye bakuli, akamletea mgeni kwanza, kwa mikono miwili, amekunja na goti kidogo. Mnajua michembe ilivyo: viazi vilivyokaushwa vikakunjamana, rangi ya udongo. Bi Karoli akatazama bakuli, akainua kiganja na kusema kwa sauti safi aliyoifundishwa na simu:

"Hapana."

Hapana tupu. Hakuna "ahsante", hakuna "nimeshiba", hata kumega kipande cha adabu. Mama Shija alibaki ameshika bakuli, uso umemshuka, na mzee mmoja akasema pembeni, "Hawa wenyewe ndivyo walivyo." Nikaona aibu mpaka masikioni. Mgeni ni wangu, na safari bado ndefu.

Ndipo nikafanya lile jambo. Sikulifikiria hata kidogo, lilinitoka tu: "Jamani, msimjali! Huyu ni mtani wetu!"

Mama Shija akanitazama. "Mtani? Tangu lini?"

"Tangu misafara," nikasema. "Utani wetu na Wazaramo ulitoka wapi? Si njiani, kwa kubebeana mizigo na kugombana? Basi na hawa njia ni hii hii. Marobota yao nani aliyabeba? Bendera yao nani aliitanguliza?"

Ilikuwa hoja ya mwalimu, haina kibali cha mzee yeyote wa ukoo wowote, lakini watu waliokwama hawahitaji zaidi. Uso wa Mama Shija ukafunguka wote. Akaweka bakuli chini, akamsogelea Bi Karoli na kumvua kofia, akaivaa yeye. "Kumbe! Basi kofia hii ni yangu, mtani. Babu yangu amebeba mizigo yenu mpaka shingo ikazama kifuani. Tazama na mimi, nina shingo hapa?" Kweli hakuwa nayo. Behewa zima likaangua kicheko.

Nikamweleza Bi Karoli haraka haraka: mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kitu, kukunyima, na wewe huruhusiwi kukasirika, nawe mfanyie vilevile, hakuna atakayekasirika. Akafikiri kidogo, akanyoosha mkono kuidai kofia. "Hapana!" akajibu Mama Shija. "Hapana!" akasema Bi Karoli naye, akalichukua bakuli la michembe lote akalikumbatia. Watu walishika mbavu. Alikula ile michembe, akaipenda, akaomba tena.

Kuanzia hapo "hapana" ikawa lake. Mtu akimpa karibu, "Hapana!" na vicheko. Mzee yule wa pembeni alikuja mwenyewe kumwambia Marekani irudishe mgongo wa babu yake, akajibiwa "Hapana!", akaondoka amefurahi sana. Mimi nilijisifu moyoni. Nilikuwa nimeuzima ugomvi kwa neno moja, na sikujiuliza kama mwenyewe nilimwomba ruhusa.

## Malagarasi na Uvinza

Tuliondoka asubuhi, polepole, watu wakitembea kando ya treni bila kuachwa. Malagarasi mto ulikuwa umetanda mpaka basi, na wauza samaki walipandisha samaki wa kukaanga madirishani. Bi Karoli alinunua watatu na kuwagawa kwa Mama Shija na mimi kabla ya kugusa wake. Nilimpa alama zote.

Uvinza treni ikasimama tena, safari hii bila sababu iliyotajwa. Tulishuka tukakaa kwenye kivuli cha behewa. Nikamwambia misafara ilisimama hapa kununua chumvi. Akaitikia, lakini mawazo yake hayakuwa kwenye chumvi.

"Mwalimu," akasema, "somo lako la jana lilikuwa na pengo."

Nikamwambia aseme.

"Umesema nchi yangu ina mikono mirefu. Ni kweli. Lakini ile mikono ni watoto wetu. Kaka yangu alipelekwa vitani Vietinamu ana miaka kumi na tisa. Mama alikuwa akipika, mlango ukagongwa. Baba yangu mdogo alikuwa kambini ng'ambo, akaoa huko, hatukumwona tena. Kila nchi yetu ilipokwenda mahali kuwa kubwa, kwetu kiti kimoja kilibaki kitupu mezani. Daudi alipoondoka alisema ni mwaka mmoja, kuchimba visima. Nina yeye tu. Ninakwenda Ujiji kusema hapana, Mwalimu. Si ya utani. Hapana yenyewe."

Mimi nikacheka. Nisameheni, lakini nilicheka mpaka nikashika gurudumu la treni. Akakasirika kwa haki yake. Nikamwambia, "Mama, hata mimi! Na mimi nakwenda kusema hapana!" Nikamweleza habari ya Idi, miaka miwili iliyogeuka kumi na miwili, na jinsi nilivyoapa Zuhura hatapelekwa huko. Akanitazama, midomo ikaanza kumcheza, tukacheka wote wawili mpaka Mama Shija akachungulia dirishani na ile kofia kuuliza tumekula nini.

Tukapatana pale pale. Yeye atakataa, mimi nitakataa, Ramadhani hatakuwa na la kufanya. Sijawahi kufanya mapatano na Marekani yaliyokuwa rahisi vile.

## Kigoma mpaka Ujiji

Mapatano yale yalidumu mpaka stesheni ya Kigoma.

Daudi alikuwa jukwaani tangu mchana. Alimkumbatia mama yake muda mrefu, kisha akanigeukia mimi, akainama: "Shikamoo, shangazi," kwa Kiswahili cha Ujiji kabisa, kile cha kuvuta. Nikamwitikia kabla sijaamua kama nitamwitikia. Akalitupa gunia la Mama Shija begani, akampeleka mpaka kwa bintiye kwanza, sisi wote tukiwa ndani ya gari lake la visima lililojaa matope. Tulipomshusha, Mama Shija alimrudishia Bi Karoli kofia, kisha akawatangazia majirani wote waliotoka: "Huyu mzungu ni mtani wetu, msimwonee haya!" Kigoma na Ujiji ni mji mmoja kwa habari. Tulipofika kwa Ramadhani, wifi yangu Asha alikuwa ameshapata simu, na akatupokea mlangoni kwa kumnyang'anya Bi Karoli kofia ile ile.

Kabla ya kufika, Daudi alikata kona kutuonyesha kitu. Kilikuwa kiwanja, na juu yake msingi wa nyumba, matofali yamefika kiunoni. Alisema vyumba vitatu, na kisima amekichimba tayari, majirani wanachota. "Hatutaki kwenda Marekani, shangazi," alisema. "Zuhura hataki kuwaacha wagonjwa wake, na mimi nimepapenda hapa. Tutakaa Ujiji."

Hofu yangu yote ilikuwa Zuhura kuchukuliwa. Niliitafuta pale kwenye matofali nisiione. Zuhura atakuwa dakika kumi kutoka kwa baba yake, na siku moja kwa treni kutoka kwangu, treni ikitaka. Nilifurahi, nikageuka kumwangalia mwenzangu. Bi Karoli alikuwa ameweka kiganja juu ya ukuta ule mfupi, anaupapasa taratibu. Nilielewa kwamba hofu iliyonitoka mimi ilikuwa imehamia kwake yote.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za kula samaki wa ziwani, migebuka, kwa mawese na za utani mtupu. Mtaa mzima ulikuja kumtania. Kila mtu alitaka kuambiwa ile "hapana", naye aliwapa, kwa adabu. Nilipotaka kuzungumza naye juu ya mapatano yetu, aliniambia, "Wewe umebadili nia, nimeona usoni. Sikulaumu."

## Ujiji: barazani

Posa ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Upande wa Daudi waliketi mshenga na wazee wawili wa msikiti wake, na mama yake katikati yao kwa heshima. Upande wetu Ramadhani na fimbo yake, maana miguu inamsumbua, shehe, wajomba, wifi Asha na mimi. Zuhura alikuwa nyuma ya pazia na shoga zake, na Daudi, kama desturi inavyotaka, hakuingia; alisimama uani juani.

Mshenga alisema yake kwa maneno matamu. Ramadhani akanigeukia. "Dada, kauli yako."

"Nimetoka Tabora na neno lingine mdomoni," nikasema. "Limenitoka njiani. Mimi nimekubali."

Nyuma ya pazia kikapigwa kigelegele kimoja kikazibwa. Ramadhani, aliyelelewa vizuri, akaona si adabu mgeni akae bila kuulizwa. "Na mama yetu, mama yake Daudi, unasemaje?"

Bi Karoli akasimama. Alikuwa amevaa kanga za wifi, kofia hana.

"Hapana," alisema.

Baraza zima likalipuka. Mshenga alijipiga paja. Mjomba mmoja alilia machozi ya kicheko. Bi Karoli akangoja, akasema tena, polepole zaidi, "Hapana," na sauti ikamkatika katikati, na hiyo ndiyo ikawamaliza kabisa. "Mtani huyu ni hatari!" alisema wifi Asha akimvuta akae. Shehe, akitabasamu bado, akasema, "Al-Fatiha," na mikono yote ikainuka.

Ya kwangu pia. Niliinua, nikamwona Bi Karoli ameketi mikono mapajani, ananitazama mimi. Hakuwatazama wengine. Mimi peke yangu mle ndani nilijua kilichotokea, na kunyamaza kungechukua dakika moja tu. Watu wangesema "Amina", Zuhura angetoka, mchele ungepakuliwa. Nilimpenda sana Zuhura wakati ule. Lakini aliyempa yule mama jina la mtani ni mimi, bila kumuuliza, kwa sababu lilinirahisishia safari, na sasa jina lile limemlia kauli yake mbele ya watu. Miaka thelathini nimewaambia watoto wa watu kwamba mkubwa ndiye anayeamua mdogo amesema nini. Nilifundisha hivyo nikimnyooshea kidole mwingine.

"Simamisheni fatiha," nikasema.

Shehe alinyamaza katikati ya aya. Nadhani hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo.

"Huyu hafanyi utani," nikasema. "Amekataa. Mimi ndiye niliyewaambia ni mtani, nilikuwa naficha aibu yangu kwenye treni. Mwacheni aseme, nami nitatafsiri neno kwa neno."

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Bi Karoli akaniuliza kwa macho, nikamwitikia, akasema. Nikatafsiri: kwamba hana ubaya na binti yetu, ni binti ambaye angemchagua mwenyewe. Kwamba kaka yake alikwenda mbali kwa kazi ya nchi akarudishwa kwenye sanduku. Kwamba Daudi ni wake wa pekee, na ameona matofali, na ameelewa kwamba harudi. "Hapa atakuwa na furaha," nikatafsiri, "na mimi nitazeeka nikingoja simu." Neno hilo la mwisho ilibidi nilirudie. Wote mle ndani wanamjua Idi. Wifi Asha alijifunika uso kwa kanga.

Ramadhani aliilaza fimbo yake chini. Kisha akasema, "Dada, mwambie tunamwomba radhi kwa kumcheka. Na mwambie kama ni hapana, ni hapana. Siwezi kumchukua mtoto wa mtu mamaye akilia."

Nilimtafsiria. Nilidhani atashusha pumzi, lakini akanigeukia mimi.

"Idi alipoondoka," aliuliza, "wewe ulimwambia nini?"

"Hakuniuliza," nikasema. "Alinipigia simu tiketi iko mkononi. Nilimwambia avae nguo nzito."

Akaangalia uani. Daudi alikuwa amesimama pale pale, shati limelowa jasho, hajui kinachoendelea, na hakuthubutu kusogea.

"Wangu ameniuliza," alisema Bi Karoli taratibu. "Ameniita mpaka huku aniulize. Ameniambia nikikataa, ataacha. Ataacha kweli, namjua." Akafuta macho na pindo la kanga. "Umenisomesha treni nzima, Mwalimu, habari za wenye nguvu. Hapa barazani mwenye nguvu ni mimi peke yangu."

Akasimama mara ya pili. Hakunipa nitafsiri. "Ndiyo," alisema.

Hakuna aliyecheka wala aliyetikisika. Tulikuwa tumeogopa wote. Mwishowe wifi Asha akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika baraza zima, "Wifi, na hiyo ni ya kweli au ya utani?"

"Ya kweli," nikasema.

Shehe alinitazama kwanza mimi, kama anaomba ruhusa, kisha akaanza fatiha upya, tangu mwanzo. Bi Karoli alitazama kushoto na kulia kuona tunavyofanya, akainua mikono yake naye. Mimi niliyezoea kuisoma tangu utotoni sikuweza kutoa hata aya moja kwa kilio, na aliyenishika bega mpaka mwisho ni yeye.